Kununua gogo na kupasua mbao mwenyewe: hesabu ya vibao 60

Nikiweka picha ya gogo kwenye stetasi, inboksi inajaa swali lilelile: "Dada, ukipasua mbao mwenyewe si faida inakuwa mara mbili?" Wanaouliza wengi ni wauzaji wenzangu wa vitu vya mbao mtandaoni: sinia, rafu za ukutani, stendi za simu, vibao vya kukatia mboga. Wameona bei ya mbao inavyopanda, wamemwona jirani anakata mwembe uani na kuuza kuni, wakapiga hesabu kichwani.

Jibu langu ni kwamba kwenye mbao yenyewe utaokoa hela kidogo sana. Faida ipo sehemu nyingine, na ina gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti yoyote: muda. Hela yako inalala miezi. Sasa leo naweka hesabu yote mezani, kila mtu aipime na mfuko wake.

Mimi nipo Muheza, mkoa wa Tanga. Karakana yangu iko nyuma ya nyumba, mabati juu, pembeni wazi, na duka langu lote lipo kwenye simu. Useremala sikuusomea darasani. Niliishia kidato cha nne, mengine nimejifunza kwa kushika kazi na kuuliza mafundi. Nitaeleza kwa mti mmoja wa mfenesi kwa sababu ule niliuandika kwenye daftari toka siku ya kwanza mpaka kibao cha mwisho.

Ukitaja Muheza watu wanafikiria machungwa, lakini mifenesi na miembe pia imejaa. Mtiki nao upo, shamba la Longuza liko wilaya yetu hii hii, ila ule unauzwa kwa mnada na wanaoshinda mnada ni wenye mtaji wa maana. Sisi wadogo tunabaki na miti ya majumbani: mti umezeeka, mizizi inapasua msingi, matawi yanagusa nyaya za umeme, mwenye nyumba anataka uondoke. Hapo ndo pa kuanzia.

Mfenesi naupenda. Ukiupasua leo ni wa njano kabisa kama umepakwa bizari, ukikaa unaelekea kahawia ya dhahabu. Kiini chake mchwa hawaupendi, na mafundi wa milango Zanzibar wanautumia. Mwembe ni wa bei rahisi zaidi na michirizi yake inapendeza kwenye picha, lakini ulaze gogo lake chini wiki tatu uone: ukungu unaingia na kuliweka madoa, na bungua wanatoboa. Mwembe ukikatwa upasuliwe ndani ya siku chache. Na utomvu wake unawasha ngozi, vaa mikono mirefu.

Kabla ya kutoa hela, zunguka mti. Ulioinama sana uache, hata ukipewa bure, kwa sababu mti ulioinama unajikaza upande mmoja, na ukiupasua mbao zinapinda hapohapo mbele ya macho yako. Matawi makubwa ni vivyo hivyo, tawi siku zote limeinama. Halafu uliza historia ya mti. Mti wa uani umepigwa misumari ya kamba ya nguo, ya bango la mgombea, ya banda la kuku. Msumari wa miaka 15 iliyopita sasa hivi uko ndani sana, gome limeshaufunika, na mnyororo ukigonga pale meno yote yamekwisha. Pitisha sumaku kubwa kwenye gome. Ukiona doa jeusi lenye ubluu kwenye kichwa cha gogo, mara nyingi kuna chuma jirani.

Vibali sasa, na hapa naomba usiruke. Mti kuwa uani kwa mtu hakukupi ruhusa ya kuukata na kuondoka nao. Anza ofisi ya mtendaji wa kijiji au mtaa, halafu afisa misitu wa wilaya, atakwambia kinachotakiwa kwa mti huo. Kusafirisha gogo au mbao barabarani unahitaji hati ya kusafirishia mazao ya misitu, watu wanaita TP, inayotolewa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Miti ya asili kama mninga, mvule na mpingo ina masharti makali zaidi. Sheria ya Misitu ipo tangu 2002, kwa hiyo "sikujua" haisaidii mtu kwenye kizuizi, na mzigo ukishikwa unaweza kupotea wote pamoja na nauli ya gari. Risiti zote nazipiga picha na kuziweka kwenye folda moja ya simu. Kuna faida nyingine pia: mteja mkubwa kama hoteli akiuliza mbao imetoka wapi, namtumia.

Mti wangu ulikuwa na kipande kilichonyooka cha karibu mita 5, unene sentimita 45 kwa kupima kichwani. Tuliukata Juni, masika imeisha na kusi limeanza kuvuma. Ulitoa magogo mawili ya mita 2.4. Siku hiyohiyo, kabla hata gari halijafika, nikapaka vichwa vya magogo rangi ya mafuta iliyobaki, mikono miwili mizito. Maji hutoka haraka sana kwenye kichwa cha gogo kuliko ubavuni, na kichwa kikikauka peke yake kinapasuka na ufa unatembea kwenda ndani. Kopo moja la rangi linaokoa sentimita nyingi.

Kupasua nilimkodi fundi wa chensoo, yaani msumeno wa mnyororo. Wapasuaji wengi wanafanya kwa jicho: wanapiga mstari kwa uzi uliochovywa kwenye unga mweusi wa betri kuukuu, halafu wanashusha mashine kwa mkono. Wapo wenye mkono wa ajabu, lakini ubao unaweza kutoka milimita 35 upande huu na 22 upande ule, na hiyo tofauti yote utailipia kwenye randa. Mimi nilichomelewa fremu ya chuma inayofungwa kwenye lile bapa refu linaloshika mnyororo. Unapanga unene unaotaka, fremu inateleza juu ya gogo, ubao unatoka sawa mwanzo mpaka mwisho. Mkato wa kwanza gogo bado ni la mviringo, kwa hiyo unalifunga ngazi iliyonyooka juu yake na fremu inapita juu ya ngazi. Baada ya hapo sehemu iliyokatwa yenyewe inakuwa njia.

Mnyororo wa kukatia mti haufai kupasulia. Ule wa dukani meno yake yamenolewa kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, ni wa kukata kwa kuvuka. Kwa kupasua kwa urefu fundi anayanoa upya kwa tupa mpaka nyuzi 10 hivi. Usipofanya hivyo mashine inalia, inachemka, na ubao unatoka na mikwaruzo kama barabara ya vumbi. Na oili ya mnyororo: wengi wanaweka oili chafu ya gari. Ubao wa kukatia nyanya za mtu usioge oili ya gari. Tulitumia mafuta ya kupikia ya bei rahisi, kwa kazi ya siku moja yalitosha.

Usalama nitausema kwa ufupi tu: kabari pande zote mbili za gogo, buti, kinga ya masikio na macho, barakoa ya vumbi, watoto wabaki mbali kabisa, na mtu asipasue akiwa peke yake nyumbani.

Sasa sikia kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia kabla sijapima mwenyewe. Mnyororo wa chensoo unakula karibu milimita 9 kila unapopita. Ukipasua mbao za milimita 30 kwenye gogo lenye kimo cha sentimita 30 zinazofaa, unapata mbao 7, na sentimita 5 na zaidi zimekuwa vumbi chini. Msumeno wa mkanda, ile mashine ya bendi soo, unakula milimita 2 mpaka 3 tu. Kimo kilekile kingetoa mbao 9. Mbili zimeliwa! Kama mjini kwenu kuna mtu mwenye mashine ya mkanda inayomeza magogo, mpelekee, hata akikutoza zaidi. Mimi wa karibu nauli yake ilikuwa inamaliza faida yote.

Kwa nini milimita 30 wakati kibao changu kinamalizika na 25? Mbao inasinyaa ikikauka, halafu randa inataka sehemu yake juu na chini. Ukipasua 25 utamaliza na 20 na mteja ataona.

Magogo mawili yakanipa mbao 14 za upana wa sentimita 30. Kila gogo ubao wake wa katikati una moyo wa mti, ule mduara mdogo kabisa ambapo mti ulianzia, na ubao wenye moyo utapasuka tu, ubembeleze usibembeleze. Nikazitoa hizo mbili mapema, nikazichana vipande vyembamba vya kutengenezea miiko. Zikabaki 12.

Hapo ndipo kazi inapoanza, na ndipo wengi wanapochoka.

Kukausha. Niliweka matofali ya saruji, mbao ya chini kabisa iko juu ya ardhi kama sentimita 40. Kati ya ubao na ubao vijiti vikavu vya unene uleule, milimita 25, kila baada ya nusu mita. Vijiti vikae mstari mmoja toka chini mpaka juu kama nguzo. Vikipishana, ubao unabonyea katikati yao na unakauka ukiwa umebonyea. Kivuli, bati juu, upepo upite pembeni, na uzito juu ya rundo lote, mimi niliweka matofali mengine. Usianike mbao mbichi juani hata kama mteja anakusukuma. Nje itakauka, ndani bado maji, itachanika.

Ubao utataka kujikunja, ndiyo tabia yake. Mti unasinyaa kufuata zile pete zake karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka moyoni kwenda nje, kwa hiyo pete zinajaribu kunyooka na kingo za ubao zinanyanyuka kuelekea upande wa gome. Uzito wa juu unapunguza hali hiyo. Hauimalizi. Ndiyo maana zile milimita za ziada.

Utasikia watu wakisema mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Hiyo ni kanuni ya nchi za baridi. Huku kwetu joto linafanya kazi haraka zaidi, lakini haraka kiasi gani kalenda haikwambii. Mizani inakwambia. Nilichagua ubao mmoja wa katikati ya rundo, nikaandika namba, na kila Jumamosi ninautundika kwenye mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza nyama. Siku ya kwanza kilo 19.6. Baada ya mwezi 16.8. Mwezi wa pili 15.5. Mwisho wa Septemba 14.3, na bado unashuka kama gramu 80 mpaka 100 kwa wiki. Ubao unaopungua uzito bado unatoa maji, hakuna ubishi hapo, haijalishi ukiushika unauona mkavu.

Kipima unyevu cha betri kinasaidia ukiwa nacho. Mimi sikuwa nacho, nikatumia oveni. Unakata kipande kidogo katikati ya ubao, siyo kichwani, unakipima kwenye mizani ya jikoni ya gramu. Unakiweka kwenye oveni joto la nyuzi 103 hivi, unakipima kila baada ya saa kadhaa mpaka uzito ugome kushuka. Changu kilianza gramu 143, kikagoma kwenye 120. Maji yalikuwa gramu 23. Gawa 23 kwa 120, zidisha kwa 100: asilimia 19. Hesabu ya kidato cha pili, na ndiyo imeniokolea jina.

Kwa sababu wiki hiyohiyo mama mmoja mwenye mgahawa Arusha aliona picha za mbao kwenye ukurasa wangu. Alitaka vibao 40, upana wa kipande kimoja bila kuunganishwa, ndani ya wiki tatu. Bei tukakubaliana 32,000 kimoja. Yaani 1,280,000, na nusu yake, 640,000, alikuwa tayari kuituma siku hiyohiyo. Kodi ya nyumba nilikuwa nadaiwa miezi miwili. Mbao zilikuwa pale, kwa macho ni kavu, fundi wa randa ananiambia "dada, piga kazi, nani atajua?"

Arusha ni kukavu kuliko Tanga, na ubao unafuata hewa ya mahali ulipo. Huku pwani hewa ina unyevu mwingi, ubao ukianikwa wazi unashuka mpaka asilimia 14 au 15 na hapo unatulia. Bara kiangazi, Arusha au Dodoma, unaweza kwenda mpaka 10 au 11. Kibao cha upana wa sentimita 28 kikitoka asilimia 19 kwenda 11, kwa mbao ngumu za kawaida kinaweza kusinyaa milimita 4 mpaka 6. Na jikoni hakisinyai kwa utaratibu. Upande mmoja umelowa kwenye sinki, mwingine uko jirani na jiko. Kinapinda, kinacheza juu ya meza, au kinapasuka. Vibao 40 vyenye jina langu nyuma, kwenye mgahawa mmoja, mbele ya wageni wenye simu.

Nikamwandikia: "Mama, mbao hazijakauka kwa matumizi ya Arusha. Nina asilimia 19, nataka 12. Januari nitakuwa navyo. Kwa wiki tatu siwezi kukuahidi." Nikamtumia na picha ya mizani. Akashukuru, akasema atatafuta kwingine. Hakurudi. Kodi nikailipa kwa kuuza sinia za mabaki na kumwomba mwenye nyumba wiki mbili.

Mwanzoni mwa Desemba ubao wangu wa mfano ulikuwa kilo 13.8, na wiki tatu mfululizo haukushuka, mvua za vuli zikiwa zinaendelea. Oveni ikasema asilimia 15. Nikakata mbao vipande vya ukubwa wa kibao, nikaviweka kwenye boksi la jua: fremu ya mbao, ndani bati lililopakwa rangi nyeusi, juu nailoni inayopitisha mwanga, matundu chini na juu ya kupitishia hewa. Vipande vilikuwa vimeshafika mahali pa kutulia, ndiyo maana sasa jua halikuvidhuru. Wiki tatu, vikafika 12. Randa, msasa, likwidi parafini ya duka la dawa iliyoyeyushwa na nta ya nyuki. Mafuta ya alizeti siweki kwenye kibao, yanaganda na kutoa harufu.

Sasa hela. Mti 120,000. Vibali, ushuru na kupakia 35,000. Kirikuu cha kubebea 50,000. Fundi wa chensoo 80,000. Petroli na mafuta ya mnyororo 45,000. Rangi na vijiti 15,000. Jumla 345,000. Mbao 12, kila moja nimekata sentimita 10 kila kichwa kwa ajili ya nyufa, imebaki mita 2.2, imetoa vibao vitano vya sentimita 40. Vibao 60. Kwa hiyo mbao ya kibao kimoja imenigharimu 5,750.

Mbao kavu ya kibao hichohicho nikinunua kwa muuzaji ilikuwa inaniangukia kama 7,000. Umeona? Nimeokoa 1,250. Mara 60 ni 75,000, kwa miezi saba ya kusubiri na Jumamosi zote zile. Mtu akikwambia upasue mwenyewe ili mbao iwe rahisi, mwonyeshe hii.

Faida ilitoka kwenye upana. Mbao za dukani nilizokuwa napata ni nyembamba, lazima niunganishe vipande vitatu kwa gundi. Kibao cha kuunganisha nauza 22,000, gharama yote pamoja na gundi na kazi ni 18,000, nabaki na 4,000. Cha kipande kimoja, cha mfenesi ambao mteja ameuona ukiwa umesimama, nauza 35,000. Kukimalizia na kukifungasha ni 9,500, ukijumlisha na mbao ni 15,250. Nabaki na 19,750. Vibao 60 ni 1,185,000.

Lakini ngoja, usikimbilie panga bado. Ile 345,000 ningeizungusha kwenye vibao vya gundi ningetengeneza 19 kila wiki mbili, faida 76,000 kila mzunguko. Toka Juni mpaka mwisho wa Desemba ni kama mizunguko 14. Hiyo ni 1,064,000! Karibu sawa na gogo, na hela ningekuwa naishika mkononi kila wiki mbili. Tofauti ni moja: mimi sijawahi kuuza vibao 19 kila wiki mbili. Soko langu la gundi ni kama vinane, kumi nikibahatika. Hela iliyozidi hapo ingelala tu vilevile, tofauti ni kwamba ingelala kwenye vibao visivyouzika. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kununua gogo ni hili: hela hii, bidhaa yangu ya sasa inaweza kuimeza? Kama inaimeza, endelea kuizungusha na achana na magogo. Mimi ilikuwa imegoma.

Na hela ya gogo isiwe ya chakula wala ada ya mtoto. Ile kodi nilikwambia.

Kibao cha kwanza kiliuzwa wiki ya kwanza ya Januari, cha mwisho Machi katikati. Wengi walionunua ni watu waliokuwa wameona picha toka Juni: mti umesimama, gogo kwenye kirikuu, mbao za njano zinatoka, mizani ya Jumamosi. Sikuwa natangaza chochote, nilikuwa napiga picha ya mizani na kuandika kilo. Kuna kaka mmoja Dodoma alikuwa ananiuliza kila wiki "leo ngapi?" kama anafuatilia mpira, na alinunua viwili. Malipo ya awali sikupokea ya mtu yeyote mpaka vilipofika 12. Gogo linaweza kukuonyesha ufa mwezi wa nne, na hela ya mtu umeshakula.

(Halafu kwenye maelezo ya bidhaa andika "kibao cha kukatia". Ukiandika "kibao" peke yake utapigiwa simu na watu wanaotafuta kibao cha mbuzi cha kukunia nazi. Nimewapokea wengi. Sasa natafuta fundi wa kunitengenezea na hivyo.)

Kwenye kila boksi naweka karatasi: usikiloweke, usikiweke juani, kikaushe kimesimama kwa ubavu, kipake mafuta kila mwezi. Vilivyotumwa Dodoma kwa basi nilivifunga kwa nailoni kwanza, visikutane na hewa kavu ghafla njiani, na nikawaambia wakifika wavitoe na kuvisimamisha ndani siku tatu kabla ya kuvitumia. Katika 60, kimoja kilipasuka mwezi wa pili, cha mteja wa Dodoma. Nikamtumia kingine bila kubishana. Hicho kilichopasuka nikaomba kirudi, nikakikata katikati kukiangalia. Kilikuwa na fundo dogo ubavuni, sasa vyenye fundo navigeuza sinia.

Kama unataka upana bila kelele za chensoo, kuna njia ya katikati ambayo kwa mtaji mdogo naiona bora kuanzia: nunua mbao mbichi kutoka kwa mpasuaji mwenye vibali, umwambie unene unaotaka kabla hajapasua, umlipe, uzibebe kwa TP yake, kisha kazi ya kukausha uifanye mwenyewe. Unaanza na mbao tatu au nne tu. Matofali, vijiti, bati, mizani na daftari havizidi hela ya tangazo la wiki mbili.

Sasa hivi kwenye matofali yangu kuna mbao 9 za mwembe. Zilipasuliwa siku tatu baada ya mti kuanguka, magome yote nikayabandua maana ndimo bungua wanapenda kuanzia, na vijiti nimeweka vya milimita 35 ili upepo upite zaidi. Jumamosi iliyopita ubao wa mfano ulikuwa kilo 17.2.